Urithi wa Tauni: Kudumu kwa Plasmidi na Maradhi ya Milima ya Usambara

Nyuma ya pwani ya Tanga imesimama milima ya Usambara, na njia za watu na bidhaa baina ya pwani na milima hiyo ni za tangu zamani. Katika mwaka 1980 tauni ilizuka katika wilaya ya Lushoto. Kwa muda wa zaidi ya miaka ishirini ikawa ikiondoka na kurudi. Maelfu ya watu waliugua, na mamia wakafa. Kila ilipotulia ilidhaniwa kuwa imekwisha; kila iliporudi, ilirudi na nguvu zake zote. Historia ya maradhi haya haiwezi kuelezwa vema bila ya kuuliza jinsi nguvu hizo zinavyorithishwa.

Jina la tauni liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu. Bakteria inayoleta maradhi hayo iligunduliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894. Miaka michache baadaye, Robert Koch alithibitisha kuwa tauni ilikuwapo katika nchi ya Kiziba, magharibi ya ziwa Nyanza. Lakini ilikuwa bado kujulikana kuwa sehemu kubwa ya ukali wa kijidudu hicho haimo katika uzi wake mkuu wa urithi, bali imo katika pete ndogo zilizo mbali na uzi huo. Pete za namna hii zilipewa jina la plasmidi na Joshua Lederberg mwaka 1952, na mwaka 1981 ilielezwa kuwa bakteria ya tauni kwa kawaida ina tatu.

Kila moja ina kazi yake. Ya kwanza, iliyo ndogo kabisa, husaidia vijidudu kuenea mwilini kutoka mahali kiroboto alipouma. Ya pili huvilinda ndani ya tumbo la kiroboto. Ya tatu huvipa zana za kuzishinda seli zinazoulinda mwili wa mnyama au mtu. Basi hapa pana jambo la kustaajabisha. Plasmidi ya pili ina faida kubwa kwa kiroboto, na ya tatu kwa panya na mwanadamu. Kila moja, ikiwa katika nyumba ya mwenziwe, ni mzigo zaidi kuliko msaada. Mbona mzigo huo hautupwi njiani?

Kwamba waweza kutupwa, hapana shaka. Bakteria ya tauni ikioteshwa katika nyuzi 37 za joto, mahali pasipo na kalsiamu, huacha kukua kwa sababu ya plasmidi ya tatu. Zile chache zilizoipoteza huendelea kuzaana, na baada ya muda mfupi huwa ndizo nyingi. Hizo zimepata wepesi, lakini zimepoteza ukali.

Jibu la kwanza limo katika hesabu. Seli hugawanyika kuwa mbili, na plasmidi zisipoongozwa, kila nakala huangukia upande wowote kwa bahati. Zikiwa nakala 2 tu, nusu ya migawanyiko yote itatoa seli moja isiyo na kitu. Zikiwa 10, jambo hilo litatokea mara 1 katika 512. Zikiwa 20, mara 1 katika 524,288. Plasmidi ndogo ya tauni ina nakala nyingi, na wingi huo ndio ngao yake. Zile kubwa mbili zina nakala chache, kwa kuwa kunakili pete kubwa ni gharama. Nazo haziwezi kuitegemea bahati.

Kwa hiyo zina mpango wa ugawaji. Katika pete pana mahali maalumu ambapo protini moja hushika. Protini ya pili, inayotumia nguvu za seli, huzitenganisha nakala na kuzipeleka kila moja upande wake, kabla ukuta wa kuigawa seli haujafunga. Hivyo kila mrithi hupata fungu lake. Mpango huu ulichunguzwa kwanza katika plasmidi za bakteria nyingine, na mfano wake ukaonekana katika plasmidi hizo kubwa za tauni.

Kuna plasmidi zenye njia ya tatu, iliyo kali zaidi, ambayo ilielezwa katika miaka ya 1980. Plasmidi hutengeneza sumu inayodumu na kiuasumu kisichodumu. Seli iliyo na plasmidi hupata kiuasumu kipya daima. Iliyoipoteza hubaki na sumu peke yake, ikadumaa au ikafa. Huyo ni mrithi aliyeadhibiwa kwa kuukosa urithi.

Uthabiti wa urithi huu una ushahidi wa kihistoria. Mwaka 2011 wataalamu walisoma plasmidi ndogo ya tauni kutoka katika mifupa ya watu waliozikwa London baina ya mwaka 1348 na 1350. Waliikuta karibu sawa kabisa na ile ya siku hizi. Falme zimeanguka na lugha zimebadilika tangu wakati huo, lakini pete hiyo imepokezanwa kutoka seli hata seli.

Kwa watu wa Lushoto maana yake ni nzito. Miaka ya utulivu baina ya mlipuko na mlipuko haikuwa miaka ya kudhoofika kwa tauni. Kijidudu kiliendelea kupita baina ya panya na viroboto, mbali na macho ya watu. Na kila kilipogawanyika, zana zake ziligawanywa pamoja nacho. Kwa sababu hiyo kunyamaza kwa tauni si dalili ya kufa kwake, na kuwaangalia panya na viroboto katika miaka isiyo na wagonjwa ni kazi isiyofaa kuachwa.