Kinywa na Mwili Vipinganapo

Mtu akisema "Karibu" huku amesimama mlangoni na kuuziba, mgeni afuate lipi, neno au mwili? Kwa mgeni shida hii ni ndogo, kwa maana aweza kwenda zake. Bali mtoto hana nyumba nyingine ya kwenda.

Aliyelichungua sana jambo hili ni Gregory Bateson, mtaalamu wa mila za watu, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1904, akafanya kazi California, Marekani. Januari 1952, katika bustani ya wanyama ya San Francisco, aliwatazama kima wawili wadogo wakicheza. Walikuwa kama wapiganao, wala hawakupigana. Akatambua kwamba pamoja na kila ujumbe huenda ujumbe wa pili, uelezao jinsi ya kuupokea ule wa kwanza.

Mwaka 1956 Bateson, pamoja na Don Jackson, Jay Haley na John Weakland, alitoa makala juu ya ujumbe wa namna mbili katika jamaa. Walisimulia habari za kijana aliyekuwa akipona skizofrenia, ugonjwa wa akili. Mama yake alipokuja kumtazama hospitalini, kijana kwa furaha alimwekea mkono mabegani, mama akakakamaa. Kijana akauondoa mkono. Mama akamwuliza kama hampendi tena. Kijana akaona haya. Mama akamlaumu kwa kuogopa yaliyo moyoni mwake. Mama alipokwisha kwenda, kijana akamshambulia mtumishi wa hospitali. Kila alilolitenda lilikuwa kosa, wala hakuweza kusema kwamba mwili wa mama ulikana maneno yake. Hali hiyo waandishi waliifananisha na kifungo cha pande mbili.

Walidhani pia kwamba mazungumzo ya jinsi hii huweza kuuleta ugonjwa wenyewe. Uchunguzi wa baadaye haukuthibitisha neno hilo, nao umeonyesha kwamba urithi wa damu una sehemu kubwa. Lakini kwa miaka mingi wazazi, hasa akina mama, walitwikwa lawama isiyo yao.

Basi mwalimu au mchungaji aingiaye nyumba yenye mgonjwa wa akili asitafute wa kushitakiwa. Lililo la kushika katika kazi ile ni hili: hapana mzazi ambaye uso wake haujapata kupingana na kinywa chake, wala hilo peke yake halimfungi mtoto. Kimfungacho ni kukatazwa kuuliza. Mtoto aulizaye, "Mama, umekasirika?" naye akajibiwa kweli bila ukali, amekwisha kufunguliwa.