Neno la Mtafutaji

Kitu kisichoweza kupatikana ni ndugu wa kitu kisichokuwapo. Kitabu huweza kujaa hekima, lakini kikikaa mahali pasipojulikana hakimfai msomaji wala hakimpi sifa mtunzi. Kwa sababu hiyo, shughuli ya kuchagua neno la kutafutia ni ya kale kuliko intaneti.

Katika karne ya 13, watawa Wadominiko wa nyumba ya Saint-Jacques mjini Paris, wakiongozwa na Hugh wa Saint-Cher, walitunga faharasa ya maneno ya Biblia ya Kilatini. Mhubiri aliyekumbuka neno moja tu aliweza kulifuata mpaka mahali lilipoandikwa. Lakini faharasa ile iliyapanga maneno ya kitabu. Haikuuliza msomaji angekuja na neno gani. Swali hilo lilimshughulisha Charles Ammi Cutter, mkutubi wa Boston, aliyetoa kanuni za kuorodhesha vitabu mwaka 1876 na kuendelea kuzitengeneza mpaka mwisho wa maisha yake. Rai yake ilikuwa kwamba manufaa ya wasomaji yatangulie wepesi wa kazi ya mkutubi.

Mitambo ilipoingia, safari ilianza upya. Mwaka 1990 Alan Emtage, mzaliwa wa Barbados aliyekuwa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, aliunda Archie, iliyotafuta majina ya mafaili tu. Mwaka 1994 WebCrawler iliweza kutafuta kila neno lililomo katika kurasa, na mwaka 1995 ikafuata AltaVista. Wenye tovuti walipewa pia nafasi iliyofichika ya kutaja maneno makuu ya kurasa zao. Hapo hila ikapata mlango. Wengine walirudia neno moja mara nyingi bila haja. Wengine waliandika maneno kwa rangi ya ukurasa wenyewe, ili mtambo uyasome na jicho lisiyaone. Neno lililokuwa kiongozi likageuzwa chambo.

Larry Page na Sergey Brin, walioanzisha kampuni ya Google mwaka 1998, walipima pia viungo vinavyotoka kurasa nyingine, mfano wa ushahidi wa majirani. Mwaka huo huo GoTo.com ilianza kuyanadi maneno, na mtangazaji aliyelipa zaidi akawekwa mbele. Google nayo ilianza kuuza matangazo yafuatayo maneno mwaka 2000. Biashara hiyo ilileta faida isiyotazamiwa: neno lililopata bei lilihitaji kuhesabiwa, na hesabu ya mara linapotafutwa ikawafikia waandishi. Mwaka 2009 Google ilitangaza kwamba orodha ile ya siri haina uzito wowote katika kupanga kurasa zake.

Misingi ya uchunguzi wa maneno imetokana na mambo hayo. Mathalan, mwuza nguo wa Mombasa huandika "leso", kwa kuwa ndilo neno la mji wake. Mnunuzi wa Dar es Salaam hutafuta "kanga", na kwake leso ni kitambaa cha kupangusia uso. Wote wawili wasema Kiswahili safi, na hawakutani. Basi kazi ya kwanza ni kukusanya maneno kutoka vinywani mwa watafutaji. Ya pili ni kupima: neno "kanga" peke yake hutafutwa na wengi, hugombewa na wengi, tena huweza kumleta mfugaji amtakaye ndege. "Bei ya kanga za harusi" hutafutwa na wachache, lakini wajuao watakacho. Ya tatu ni kutambua nia: atafutaye "methali za kanga" ataka kusoma, wala hataridhika na orodha ya bei.

Mitambo ya siku hizi hujitahidi kupima maana ya swali zima, si neno moja moja. Hata hivyo, haiwezi kumpa mwandishi neno asilolisikia. Ukurasa wa Kiswahili uliopangwa kwa maneno ya mwenyewe tu hubaki kama duka lililofunguliwa uchochoroni: bidhaa ni nzuri, mlango u wazi, na wapita njia huuliza kitu hicho hicho kwa jirani.