Klorela: Mwani uliobeba jina la rangi na umbo lake

MAJI ya kidimbwi yanapogeuka kijani, aghalabu rangi hiyo huletwa na viumbe wasioonekana kwa macho matupu. Mmojawapo ni klorela, mwani wa kijani wenye seli moja tu, ambao hupatikana zaidi katika maji yasiyo ya chumvi. Seli zake ni ndogo mno hivi kwamba 100 au zaidi zaweza kupangwa mstari mmoja katika milimita moja.

Jina hilo lilitolewa mnamo 1890 na mwanasayansi wa Uholanzi, Martinus Beijerinck, aliyefaulu kuukuza mwani huo peke yake, bila kuchanganyika na viumbe wengine. Neno la Kigiriki ‘chloros’ lina maana ya rangi ya kijani kibichi, nacho kiambishi cha Kilatini ‘ella’ huonyesha udogo, kama vile Kiswahili kinavyogeuza mto kuwa kijito. Klorela basi ni ‘kijani kidogo’.

Udogo huo haukuuzuia kuwafaa wataalamu. Melvin Calvin wa Marekani aliutumia, pamoja na mwani mwingine, kuchunguza jinsi mimea inavyogeuza hewa ya kaboni kuwa sukari. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 1961.

Kwa kuwa takriban nusu ya uzito wa klorela iliyokaushwa ni protini, katika miaka ya 1950 kulikuwa na matumaini makubwa kwamba ingeulisha ulimwengu uliohofia njaa. Majaribio yalifanywa Marekani na Japani. Hata hivyo, gharama ya kuikuza ilikuwa kubwa, na ukuta mgumu wa seli zake uliifanya iwe vigumu kusagwa tumboni. Leo huuzwa hasa kama unga na vidonge vya kuongezea lishe.

Jina lenyewe nalo lilizua utata. Kwa miaka mingi, karibu kila mwani mdogo wa mviringo na wa kijani uliitwa klorela. Uchunguzi wa chembe za urithi ulipofanywa, ilibainika kwamba nyingi kati ya spishi hizo hazina ukoo wa karibu, zikahamishiwa katika makundi mengine. Kufanana kwa sura, kumbe, si udugu.