Unampokea mtarajali mwenye ulemavu? Anza na haya

Tanzania, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Tarajali yenye posho ni pa kuanzia.

Kabla hajafika: Muulize mwenyewe anahitaji nini. Asiyeona huenda akahitaji programu ya kusoma skrini kwa sauti. Kiziwi, mkalimani wa lugha ya alama. Anayetumia kiti mwendo, mlango mpana na choo anachoweza kuingia.

Posho: Isipungue ya wenzake. Asiyeweza kupanda daladala hulazimika kukodi bajaji, na hapo akikosa posho hafiki kazini.

Kazi: Mpe msimamizi na majukumu ya kweli, siyo kumkalisha tu mapokezi.

Muda ukiisha: Mpe cheti. Nafasi ikiwepo, mpe ajira.