Leipzig: Mji wa Makanisa Mawili

Wazee wetu walipotaja Wamisionari wa Leipzig, walitaja mji ulioko Sachsen, mashariki mwa Ujerumani, ambao watumishi wake walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Yaliyoupata mji huo baadaye hayasimuliwi sana kwetu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Leipzig ilitawaliwa na serikali ya kikomunisti. Tarehe 30 Mei 1968 serikali hiyo ililipua kwa baruti Kanisa la Chuo Kikuu, lililowekwa wakfu na Martin Luther mwenyewe mwaka 1545. Na kanisa hilo mabomu ya vita yalikuwa yameliacha limesimama! Waliothubutu kupinga walikamatwa.

Karibu na hapo liko Kanisa la Mtakatifu Nikolai. Humo, tangu mwaka 1982, waumini walikutana kila Jumatatu jioni kuombea amani. Mara nyingi walikuwa wachache tu. Jioni ya tarehe 9 Oktoba 1989 askari wenye silaha walikuwa wameuzingira mji. Ibada ilipokwisha, watu wapatao 70,000 walitembea barabarani, wengi wakiwa na mishumaa. Askari hawakufyatua risasi. Tarehe 9 Novemba mwaka huohuo ukuta wa Berlin ulifunguliwa.

Palipobomolewa kanisa pamejengwa jengo la chuo, lililofunguliwa mwaka 2017. Ibada hufanyika humo.