Barakoa ya Fedha na Wafu wa Guanajuato

Katika mwaka wa 1942, katika Jiji la Meksiko, mpiga mieleka aitwaye Rodolfo Guzmán Huerta aliingia ulingoni amefunika kichwa chote kwa barakoa ya rangi ya fedha. Alijiita El Santo, maana yake Mtakatifu, na tangu hapo uso wake ukawa siri. Sinema zake mbili za kwanza zilipigwa Kuba mwaka wa 1958. Ilipofika 1962 alikuwa akipambana na wanawake wanyonya damu. Katika sinema ya 1970 yeye na Blue Demon, hasimu wake wa ulingoni, walikabiliana na Drakula, zimwi la Frankenstein, mtu-mbwamwitu, maiti mkavu na jitu la jicho moja, ambalo vazi lake lilikuwa limekwisha kutumika katika sinema ya 1960. Uchache wa fedha haukufichika.

Mazimwi hayo mengi yalikuwa wageni: yalizaliwa Ulaya, yakalelewa na sinema za Marekani, yakaja Meksiko kupigwa mweleka. Kuyacheka hakukumdhuru mtu.

Sinema ya 1972 iitwayo Las momias de Guanajuato iliwatumia wafu wa nyumbani. Katika mji wa Guanajuato jamaa za marehemu walitozwa ada ya kaburi, na walioshindwa kulipa, maiti wao walifukuliwa. Desturi hiyo ilidumu tangu 1865 hata 1958. Baadhi ya maiti walikutwa hawakuoza, wamekauka na nywele zao, wengine na nguo zao. Wakawekwa mahali watu walipe kuwatazama. Fukara aliyekosa fedha ya kulala kaburini akawaletea wengine fedha kwa kukosa kaburi.

Katika sinema wafu hao huinuka wakiongozwa na jitu liitwalo Satán. Blue Demon na Mil Máscaras huwapiga bila kufaulu, mpaka El Santo atokee mwishoni na bastola za moto, wateketezwe. Waliotengeneza hadithi hiyo yamkini hawakukusudia ukatili, lakini hakuna humo anayekumbuka deni la makaburi.

Januari 1984, katika televisheni, El Santo aliinua barakoa kidogo, sehemu ya uso ikaonekana. Alifariki tarehe 5 Februari, akazikwa na barakoa yake. Wafu wa Guanajuato wangali katika jumba la makumbusho, nyuso wazi, nyuma ya vioo.