Reșița: kiwanda kilichozaa mji

Bumu halijatoka, mfukoni kumekauka, kwa hiyo jioni naishia maktaba. Semina ya wiki ijayo ni viwanda vya Ulaya. Wenzangu wote wamekimbilia Manchester, mimi nimeangukia Reșița, mji mdogo magharibi mwa Romania. Wala sijuti.

Tumezoea watu kutangulia, kiwanda kikafuata. Hapa ni kinyume. Palikuwa na vijiji tu kwenye bonde la mto Bârzava. Tarehe 3 Julai 1771, enzi za watawala wa Austria, yakazinduliwa matanuru ya kuyeyushia chuma. Mawe ya chuma yalikuwa jirani, misitu ya kuchomea mkaa tele, na maji ya mto ya kuendeshea mitambo. Mji ukakua ukizunguka moshi: Wajerumani, Waromania, Wahungari. Mwaka 1872 mafundi wa hapo wakaunda kichwa cha treni cha mvuke, cha kwanza katika ardhi ambayo leo ni Romania. Nasema "leo" kwa sababu wakati ule eneo hilo lilikuwa chini ya Hungaria. Romania ililipata baada ya Vita Kuu ya Kwanza.

Wenye mali wamebadilika mno. Mwaka 1855 serikali ya Austria iliuzia kampuni ya reli. Mwaka 1948 wakomunisti wakataifisha. Utawala wao ukaanguka 1989, na mwaka 2000 kiwanda cha chuma kikauzwa kwa kampuni ya Kimarekani.

Sasa hapa ndipo niliposoma mara mbili mbili. Mwaka 2001 wafanyakazi waliandamana wakidai mishahara yao. Kampuni nayo ikaishtaki Romania kwenye baraza la kimataifa la usuluhishi, ikidai pamoja na mengine kwamba serikali haikuilinda dhidi ya waandamanaji hao. Jamani! Mtu anadai jasho lake, anageuka tishio la kulindwa nalo. Kampuni ilishindwa kesi mwaka 2005, lakini tayari 2004 kiwanda kilishachukuliwa na Warusi.

Sensa ya 1992 ilihesabu watu karibu 97,000. Ya 2021 ilikuta kama 58,000. Vijana wameondoka.

Kile kichwa cha treni cha 1872 kipo hapohapo Reșița, kwenye makumbusho ya wazi, kimepakwa rangi na kupangwa na wenzake waliostaafu. Watoto wanapigia picha.